Difu ya Gari la Chama: Tujifunze Kubadili Oili Wenyewe



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za mishahara, mikataba na likizo. Leo tunaandika habari za kizibo kimoja cha chuma kilicho chini ya gari. Msicheke. Kizibo hicho kilitugharimu sana, na tunataka ndugu wa matawi mengine mpate somo lake bila kulilipia kama tulivyolilipia sisi.

Tawi letu liko katika mashamba ya chai upande wa Toro, magharibi ya Uganda. Gari letu ni moja tu, pikapu ya Toyota Hilux tuliyoinunua kuukuu kwa michango ya wanachama. Pikapu hiyo hutupeleka mikutanoni, hubeba viti na vipaza sauti siku ya Mei Mosi, hubeba jeneza la mwanachama aliyefariki, na usiku hubeba mgonjwa. Mchuma chai anayekatwa mchango wa chama kila mwezi anaijua pikapu hiyo kuliko anavyotujua sisi viongozi.

Basi, majuma matatu kabla ya usiku tunaotaka kuueleza, pikapu ilianza kulia kwa nyuma. Ilikuwa sauti ya kuvuma, kama nyuki ndani ya mzinga. Tukiongeza mwendo inapanda, tukipunguza inabadilika. Dereva wetu alisema ni tairi. Mwingine akasema ni beringi. Sisi tuliongeza sauti ya redio. Huo ndio ukweli, na hatuna budi kuukiri.

Usiku mmoja wa masika, mkono wa mwenzetu wa kiwandani ulinaswa na mashine ya kusaga majani. Tuliufunga kwa khanga, tukamweka kiti cha mbele, tukashika njia ya kwenda hospitali mjini Fort Portal. Kwenye kilima, kabla hatujafika lami, tulisikia kishindo, kisha mlio wa chuma kusaga chuma. Injini ikanguruma, gia ikaingia, lakini gari halikwenda. Tulikaa pale gizani, mvua ikinyesha, kwa muda wa saa mbili, mpaka lilipopita lori la mkaa likatuchukua. Mwenzetu alifika hospitali akiwa hai. Vidole viwili havikuokolewa. Daktari hakusema kwamba ni kwa ajili ya zile saa mbili, wala sisi hatukuwa na moyo wa kumwuliza.

Mtauliza, kwa nini mtu aliyeumia kazini alibebwa na gari la chama na si gari la mwajiri? Na kwa nini mashine ile haikuwa na kinga, hali Uganda ina sheria ya usalama na afya kazini tangu mwaka 2006? Maswali hayo mawili tumeyapeleka mahali pake, na hatutayaacha. Lakini swali la tatu lilikuwa letu wenyewe: kwa nini gari letu lilikufa njiani?

ALICHOTUONYESHA FUNDI

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka kwa fundi mmoja mzee. Alifungua difu mbele ya macho yetu. Ndani haikuwamo oili ya kujaza hata kikombe cha chai. Kilichobaki kilikuwa cheusi na kizito kama lami, na ndani yake mlikuwa na vipande vya meno ya chuma.

Kisha mzee akatuita chini ya gari. "Bwana katibu, njoo uone kizibo hiki." Kilikuwa kizibo cha kujazia oili. Kilifunikwa na tope lililokauka kama saruji, na chini ya tope rangi ya zamani ilikuwa nzima pembeni mwake. "Hiki hakijaguswa na spana tangu gari lije kwenu," akasema.

Lakini katika faili letu tulikuwa na risiti ya gereji moja, imeandikwa kwa kalamu nzuri: huduma kamili, pamoja na oili ya difu. Tulikuwa tumelipa.

Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Mzee alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akatuuliza: "Nyinyi wa chama ndio mnaowaambia wachuma chai wasimame karibu na mizani, wahesabu kilo zao kwa macho yao, wasimwachie karani peke yake. Sivyo? Basi siku ya kutia oili, nani kati yenu alisimama karibu na mizani?"

Hatukuwa na jibu. Hakuna aliyeinama. Tulisoma karatasi tukaridhika, sawa na mchuma chai anayepewa karatasi ya kilo 30 hali kikapu chake kilikuwa na 38.

Difu nyingine ya mtumba ilikula michango ya miezi minne. Halmashauri ya tawi ikakaa ikaamua kwamba kazi hii ya kubadili oili tutaifanya wenyewe, uani nyumbani kwa katibu, siku ya Jumamosi, na mwanachama yeyote anayetaka kuona aje aone. Hatukusudii kumnyima fundi riziki yake. Kufungua difu na kupanga meno yake ni kazi ya fundi aliyejifunza, tena yataka vipimo maalumu. Bali kubadili oili ni kama kufua nguo. Mwenye nguo anaweza.

DIFU NI KITU GANI

Ukichungulia chini ya pikapu kwa nyuma, utaona bomba nene la chuma linalounganisha magurudumu mawili, na katikati yake kuna uvimbe mkubwa kama chungu. Humo ndimo inamokaa difu. Kutoka mbele huja shafti ndefu, ambayo mafundi huiita propela, ikileta nguvu ya injini.

Difu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza nguvu. Propela inazunguka kwa mstari wa urefu wa gari, lakini magurudumu yanazunguka kwa upande mwingine. Kwa hiyo ndani mna gia ndogo, pinioni, inayosukuma gia kubwa ya duara, krauni. Katika pikapu nyingi pinioni huzunguka kama mara 4 ndipo krauni izunguke mara 1. Hapo mwendo hupungua na nguvu huongezeka, na ndiyo maana gari linapanda kilima na mzigo.

Kazi ya pili ni ya akili zaidi. Kumbukeni maandamano ya Mei Mosi. Tunatembea watu wanane kwa safu moja, tumeshikana mikono. Tukifika kwenye kona, yule wa ndani karibu anasimama, na yule wa nje analazimika kukimbia, la sivyo safu inakatika. Magurudumu nayo ni hivyo hivyo. Pikapu yenye upana wa mita 1 na nusu kati ya tairi na tairi ikizunguka duara zima, tairi la nje litakwenda zaidi ya mita 9 kuliko lile la ndani. Kama yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, lazima mojawapo liburutwe. Difu huyaruhusu yaachane mwendo huku yote mawili yakiendelea kusukumwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipewa hataza ya ufundi huo mwaka 1828, kwa ajili ya gari la mvuke, kabla ya magari ya petroli kuwako.

KWA NINI OILI YAKE NI NZITO

Katika magari mengi ya kusukumwa kwa nyuma, pinioni haikugusa krauni katikati. Imewekwa chini kidogo, na meno yake yamepindwa. Faida yake ni kwamba propela hukaa chini, na meno hushikana kwa upana zaidi bila kelele. Hasara yake ni kwamba meno hayo hayabingirishani tu, bali huteleza moja juu ya jingine kwa mkandamizo mkubwa sana. Oili ya kawaida ya injini husukumwa ikatoka katikati ya meno, chuma kikakutana na chuma.

Kwa hiyo oili ya difu hutiwa dawa, hasa za jamii ya salfa na fosforasi. Joto na mkandamizo vikizidi, dawa hiyo huweka utando mwembamba juu ya chuma, na utando huo ndio unaokubali kuumia badala ya meno. Ile harufu ya mayai mabovu unayoisikia ukifungua kopo ni ya salfa. Usiikimbie, maana ndiyo inayolinda gari lako.

Oili hii haichomwi kama petroli, wala haikai karibu na moto kama ya injini, na ndiyo maana watu huisahau. Lakini huchoka kwa joto, huingiwa na unga wa chuma, na njia ya mito na madimbwi huitia maji. Vitabu vya pikapu nyingi hutaja kuibadili karibu kila kilomita 40,000 kwa kazi nyepesi, na mapema zaidi, hata nusu yake, kwa gari la mizigo, vumbi na matope. Gari letu la chama halijui kazi nyepesi. Sisi tumeamua kila kilomita 20,000, na kuikagua kila baada ya kuvuka mto uliofikia uvimbe ule wa difu.

KUCHAGUA OILI DUKANI

Kwanza soma kitabu cha gari. Kama kitabu kimepotea, mwulize fundi anayelijua gari la aina hiyo hasa. Juu ya kopo tafuta mambo mawili.

La kwanza ni uzito. Pikapu nyingi hutumia oili iliyoandikwa 80W-90 au 85W-90, au SAE 90 tu. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni hutaka nyepesi kuliko hizo, kwa hiyo msifuate mazoea.

La pili ni daraja. Kwa difu ya namna tuliyoieleza tafuta maandishi GL-5. Ipo nyingine iliyoandikwa GL-4, ambayo dawa yake ni kidogo. Hiyo hutakiwa na gia boksi nyingi za mkono, kwa sababu ndani ya gia boksi mna pete za shaba ambazo dawa kali huweza kuzila. Makopo hufanana na muuzaji huweza kukosea. Kusoma maandishi hayo ni dakika moja tu, na dakika hiyo huokoa gia boksi nzima.

Kama difu yako ni ya kujifunga yenyewe ili tairi moja lisizunguke bure matopeni, basi huenda ikataka oili yenye dawa ya ziada. Hilo nalo hutajwa kitabuni.

Kiasi hutofautiana. Difu ndogo huchukua chini ya lita 2, kubwa hupita lita 3. Nunua zaidi kidogo ya kilichoandikwa, katika kopo lililofungwa na lakiri yake. Usinunue oili ya kupimiwa katika chupa ya soda.

VIFAA VYA KAZI

Tulikusanya vitu hivi: spana ya kizibo (kwa Hilux yetu ni ya 24, nyingine hutaka ufunguo wa pembe unaoingia ndani ya kizibo), brashi ya waya, karai, matambara, washa mpya mbili za vizibo, mpira wa mita 1 na nusu pamoja na faneli, magogo mawili ya kuzuia tairi, glavu, na dumu lenye kifuniko kwa oili chafu. Mwenye bomba la mkono la kusukumia oili, ni vizuri zaidi, lakini mpira na faneli vinatosha.

KAZI YENYEWE

Kwanza, endesha gari kama dakika 15. Oili ikipata joto hulainika na hutoka pamoja na uchafu wake. Lakini isiwe ya kuunguza. Gusa chuma kwanza.

Pili, simamisha gari mahali tambarare kabisa. Vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, weka magogo mbele na nyuma ya tairi, ufunguo utie mfukoni mwako mwenyewe.

Hapa twaomba msome polepole. Pikapu nyingi ziko juu, na mtu huingia chini bila kuinua kitu. Fanyeni hivyo, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne. Kama gari ni la chini na lazima liinuliwe, liinueni pande zote sawa na kuliweka juu ya stendi za chuma. Msiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Msitumie matofali wala mawe, kwa kuwa tofali halitoi onyo. Linasimama, linasimama, kisha linapasuka mara moja. Chama hakitaki kuandika barua ya rambirambi kwa ajili ya lita 2 za oili.

Tatu, sugua pembeni mwa vizibo kwa brashi na tambara mpaka chuma kionekane. Mchanga ukiingia ndani ya difu ni kama kutia mchanga katika chakula.

Nne, na hili ndilo sharti kubwa: fungua kizibo cha juu kwanza. Hicho ndicho cha kujazia. Wengi hukimbilia cha chini, oili yote ikamwagika, kisha wakagundua kwamba cha juu kimeshika kutu na hakifunguki. Sasa gari halina oili, halina pa kutilia oili, na haliwezi kwenda hata kwa fundi. Mzee wetu alipotufundisha hili, mama mmoja mweka hazina wa tawi alisema, "Ni sawasawa na mgomo. Usitoke kazini kabla hujajua chakula cha watoto kitatoka wapi." Tulicheka, lakini ni kweli. Kizibo kikikataa, kitie oili nyepesi ya kutu, ukisubiri, au mwite fundi. Mpaka hapo hujapoteza kitu.

Tano, weka karai, fungua kizibo cha chini, uache oili itoke mpaka ibaki matone. Wacha ichukue muda wake. Tumia nafasi hiyo kuitazama, kama tutakavyoeleza mbele.

Sita, futa kizibo cha chini, tia washa mpya, ukirudishe kwa mkono kwanza ili uzi wake usiumie, kisha ukaze kwa spana. Kipimo sahihi kimo kitabuni. Kwa vizibo vya Hilux nyingi ni nguvu ya kama kushikilia ndoo yenye lita 16 za maji kwenye ncha ya spana ya sentimita 30. Mtu mwenye kifua asiongeze ushujaa wake hapo, kwa maana uzi ukikatika chungu chote huharibika.

Saba, jaza. Mtu mmoja asimame juu na faneli, mwingine awe chini ameshika mpira ndani ya tundu. Oili nzito hushuka polepole kama asali, hasa asubuhi ya baridi, kwa hiyo chupa ikikaa juani kidogo itasaidia. Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika yenyewe katika ukingo wa chini wa tundu. Subiri dakika 5, uongeze kidogo kama imeshuka. Tundu lenyewe ndicho kipimo, na ndiyo maana tulisema gari lisimame tambarare. Usijaze kupita hapo. Oili iliyozidi husukuma sili za pembeni, ikapita mpaka kwenye breki, na breki yenye oili haishiki.

Nane, funga kizibo cha juu na washa mpya, futa chuma chote kikauke, endesha gari kidogo, rudi uchungulie. Mahali pakavu pakiwa na unyevu, kuna kinachovuja.

Tisa, tafuta tundu la kupumulia. Juu ya bomba la ekseli pana kifuniko kidogo au mpira mwembamba unaopanda juu. Difu ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka na lazima itoke. Tundu hilo likizibwa na tope, hewa husukuma oili nje kupitia sili. Ndivyo gari letu lilivyokauka, tone kwa tone. Tena gari lenye joto likiingia mtoni, hewa hunywea na kuvuta maji ndani. Safisha kipumulio hicho kila mara. Ni kitu kidogo kuliko kidole gumba.

Pikapu nyingine, hasa za Kimarekani, hazina kizibo cha chini. Kwa hizo hufunguliwa kifuniko kizima cha nyuma, na hutakiwa gasketi mpya. Na kama gari lako husukuma magurudumu manne, kumbuka lina difu ya pili mbele. Sharti ni lile lile.

OILI CHAFU ITAKUELEZA

Oili ikiwa ya rangi ya kahawia iliyoiva au nyeusi kidogo, imefanya kazi yake, hakuna neno. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeingiwa na maji. Badili, endesha kidogo, ubadili tena, na utafute mlango wa maji hayo.

Vizibo vingi vina sumaku. Ukikuta juu yake uji wa kijivu, laini katikati ya vidole, huo ni uchakavu wa kawaida, kama unga unaobaki chini ya jiwe la kusagia. Ukikuta magamba yanayochoma ngozi, beringi au meno yameanza kuvunjika. Ukikuta kipande cha jino, gari lisiendeshwe tena mpaka fundi afungue. Na ukisikia mvumo nyuma, usifungulie redio.

TULINDE MIKONO NA MAJI YETU

Wafanyakazi wengi huchukulia oili kama uchafu tu. Wenzetu wa viwanda vya nyuzi za pamba vya Lancashire, Uingereza, walijifunza vingine. Waliinamia mashine zilizokuwa zikirusha mafuta juu ya suruali zao, mwaka hata mwaka, na wengi walipata saratani ya ngozi sehemu za siri. Ilichukua miaka mingi kukubaliwa kwamba mafuta ndiyo yaliyowaua. Mwaka 1953 ndipo zilipotolewa kanuni zilizotaka mafuta salama zaidi katika mashine hizo na wafanyakazi wapimwe na daktari. Mafuta ya madini yasiyosafishwa vizuri yamehesabiwa na wataalamu wa dunia miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo vaeni glavu. Tambara la oili lisikae mfukoni. Nguo iliyolowa ivuliwe ifuliwe peke yake. Msinawe kwa petroli, maana hupitisha uchafu ndani ya ngozi. Sabuni na unga wa mbao vyatosha. Ndugu wa viwandani, hayo mnayostahili nyumbani mnayastahili zaidi kazini, na glavu hizo si zawadi ya bwana mkubwa.

Oili chafu isimwagwe mferejini wala shimoni. Maji ya mfereji huo ndiyo yanayokwenda kwenye kisima cha kambi. Isipakwe kwenye vidonda vya mbwa au ng'ombe, wala isinyunyizwe uani watoto wanapochezea. Itieni katika dumu, andikeni juu yake, mpeleke kwenye kituo cha mafuta au gereji inayokusanya.

DAFTARI LA GARI

Jumamosi ile walikuja wanachama kumi na wawili. Mwenzetu wa vidole vitatu alikuwa mmoja wao. Hakuweza kushika spana, kwa hiyo alishika tochi. Tulipofungua kizibo cha juu, alisema tu, "Kumbe ni hiki." Hatukuwa na la kumjibu.

Kabla ya kuondoka mama mweka hazina alitoa daftari la shule lenye mistari. Humo kila kazi ya gari inaandikwa: tarehe, kilomita, aina ya oili, kiasi, na hali ya sumaku. Chini yake hutiwa saini mbili, ya aliyefanya na ya aliyetazama. Bila saini ya aliyetazama, kazi haijafanyika. Daftari hilo husomwa katika mkutano wa tawi pamoja na hesabu ya fedha, na mwanachama yeyote ana haki ya kuinama chini ya gari na kulinganisha. Hata tukimpelekea fundi, mmoja wetu husimama karibu mpaka kizibo kifungwe.

Mnaona basi, ndugu zetu, hatukujifunza jambo jipya. Tulijifunza upya lile tunalowaambia nyinyi kila msimu wa chai: karatasi si mizani. Karani aweza kuandika, gereji yaweza kuandika, na sisi viongozi pia twaweza kuandika. Mali ni yenu. Inameni mtazame.

Umoja ni nguvu.